Hamdullahi: Dola Iliyotunga Sheria ya Nyasi na Maji

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliojaza viti vya nyuma: assalamu alaykum, na wote kwa jumla, hamjambo.

Nimepewa mada pana: dola za Wafulani kabla ya ukoloni. Siwezi kuzimaliza zote jioni moja. Iko Futa Jallon kwenye milima ya Guinea, iko Futa Toro kando ya mto Senegal, iko Bundu, na kubwa kuliko zote ni Sokoto, ambayo kila mwanafunzi wa historia ameisikia. Hizo naziacha. Nataka tukae na moja ambayo vitabu vyetu huipita kwa sentensi mbili tu, nayo ni dola ya Massina, katika nchi tunayoiita leo Mali, iliyokuwa na makao makuu Hamdullahi. Ilidumu miaka 44, tangu 1818 hadi 1862. Seyyid Said alipokuwa akihamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, Hamdullahi ulikuwa mji wa miaka ishirini hivi. Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora mwaka 1871, mji huo ulikuwa umekwisha kuwa magofu.

Nimeichagua kwa sababu dola hii ilifanya jambo ambalo wengi wetu tumekata tamaa nalo. Iliwaweka wafugaji, wakulima na wavuvi chini ya sheria moja ya ardhi na maji, na sheria ikashika. Nami nashikilia hoja hii tangu mwanzo, ili mwenye kunipinga ajiandae mapema: Massina ilisimama kwa nguvu ya baraza lake, na ilianguka pale ukoo ulipokuwa na nguvu kuliko baraza. Mzungu hakuiangusha. Alipofika alikuta imekufa miaka thelathini nyuma.

Lazima kwanza tuione ardhi yenyewe, maana bila ardhi habari hii haieleweki. Mto Niger huanzia milima ya Guinea, ukapanda kaskazini-mashariki kuelekea jangwani, na kabla ya kufika Timbuktu hutawanyika. Hapo Mopti hupokea maji ya mto Bani, na katika majira ya mafuriko tambarare nzima hugeuka ziwa lenye visiwa vya vijiji. Ni delta, lakini delta isiyo na bahari, imewekwa katikati ya Sahel kavu. Na saa yake ni tofauti na saa ya mvua. Mvua za Guinea hunyesha katikati ya mwaka, kisha maji husafiri polepole, hata delta ikafikia kilele cha mafuriko Oktoba na Novemba, wakati nchi za jirani zimeanza kukauka. Maji yakishuka huacha burgu, nyasi ya majini yenye urefu mkubwa na utamu kwa ng'ombe, ambayo hubaki mbichi wakati kila kitu kingine kimekuwa vumbi.

Sasa hesabuni wanaoitaka ardhi hiyo. Wabozo ni wavuvi, wanataka mito na mabwawa. Wamarka wanalima mpunga, wanataka maji yapande kwa wakati na ng'ombe wasiingie kabla ya mavuno. Wafulani, au Fulbe kama wanavyojiita, wana makundi makubwa ya ng'ombe. Wakati wa mvua huyatoa nje kwenye nchi kavu, na wakati wa kiangazi hawana pa kuyapeleka ila pale pale kwenye burgu. Kaskazini wako Watuaregi wanaovamia mifugo ikiwa nje. Kusini wako wafalme wa Kibambara wa Ségou, wenye jeshi, wanaotaka kodi.

Kabla ya 1818 Wafulani wa delta walitawaliwa na machifu walioitwa ardo, wa ukoo wa Dicko, nao walikuwa chini ya Ségou. Wale ardo walikuwa mashujaa kweli, na malenga wa Kifulani wanawasifu mpaka leo. Lakini ushujaa wao haukumsaidia mchungaji wa kawaida. Aliporwa na Mtuaregi, aliporwa na askari wa Ségou, na akirudi nyumbani salama na ndama wawili, ardo wake mwenyewe alichukua mmoja. Mapinduzi ya 1818 yalitokana na dini, ndiyo, lakini yasingepata watu kama si uchovu huu.

Aliyeyaongoza hakuwa mtoto wa chifu. Seku Amadu alizaliwa karibu na mwaka 1776, akasoma, akawa mwalimu wa chuo karibu na Djenné. Mji wa Djenné ulikuwa na masheikh wenye majina makubwa, wenye uhusiano wa karibu na wafanyabiashara, na hawakumpenda kijana huyu wa kutoka mazizini aliyewaambia kwamba wamezoea mambo yasiyo ya sheria. Walimpiga marufuku mjini. Akaenda akafundisha nje ya mji, na wanafunzi wakamfuata huko huko.

Wasimulizi wa Massina wanasema moto uliwashwa na blanketi. Mwana wa ardo alimnyang'anya mwanafunzi wa Seku Amadu blanketi sokoni, na baadaye mwanafunzi yule akamuua. Ardo akataka damu, akaita Ségou imsaidie. Seku Amadu hakumtoa mwanafunzi wake. Alikuwa amekwisha tuma wajumbe Sokoto kwa Usman dan Fodio, mwanzilishi wa dola ile, kuomba bendera ya jihadi, na mwaka 1818, mahali paitwapo Noukouma, kikosi kidogo cha wanafunzi na wachungaji kikavunja jeshi la Ségou na washirika wake. Habari zilipoenea, Wafulani waliokuwa wakisubiri waone nani atashinda waliingia upande wake kwa maelfu. Usman dan Fodio alikuwa amekwisha kufa mwaka 1817, na Sokoto ikiwa na migogoro yake ya urithi. Seku Amadu akaona hana sababu ya kumtii mtu wa mbali, akasimama peke yake.

Djenné ilizingirwa, ikatekwa mwaka 1819. Hapa nitasema jambo ambalo wapenzi wa majengo hawamsamehi. Msikiti mkuu wa Djenné, jengo la udongo la karne nyingi, Seku Amadu aliona ni wa fahari kupita kiasi, akauacha uharibike akajenga mwingine wa kawaida. Mfaransa René Caillié alipopita pale mwaka 1828 aliukuta ni gofu lenye maelfu ya mbayuwayu. Huu mnaouona kwenye picha leo ulijengwa 1907 juu ya msingi wa zamani. Huyo ndiye Seku Amadu: mtu mkali, asiye na subira na mapambo, aliyekataza pombe, akakataza hata tumbaku, mpaka akagombana na watu wa Timbuktu kwa ajili ya tumbaku. Simpambi. Ningeishi Hamdullahi ningepata shida.

Mji wenyewe ulianza kujengwa karibu na mwaka 1820, kusini-mashariki ya Mopti, kwenye ardhi ya juu ambapo mafuriko hayafiki. Hamdullahi, sifa ni za Mungu. Ulizungushiwa ukuta, na katikati palikuwa na msikiti na jengo la baraza, ukumbi uliojulikana kwa milango yake saba. Na hapo ndipo moyo wa maelezo yangu ulipo, kwa hiyo naomba mnisamehe nikikaa kidogo.

Baraza Kuu lilikuwa na wajumbe 40, wanazuoni watu wazima. Habari zake nyingi tumezipata kwa wazee wa simulizi, hasa kupitia Amadou Hampâté Bâ na Jacques Daget, waliozikusanya na kuzichapisha mwaka 1955, na nitarudi kwa huyu Hampâté Bâ kwa sababu nyumba yake ni ushahidi wa habari hii. Baraza lilitunga amri, lilisikiliza mashauri, lilipanga vita, lilisimamia zaka na hazina. Seku Amadu alikuwa mwenyekiti wake, kiongozi wa dini na wa vita, lakini alitakiwa apitie kwa hao 40. Nchi iligawanywa katika majimbo matano, kila moja na amiri wake wa jeshi na kadhi wake. Amiri hakuwa kadhi. Mwenye upanga na mwenye hukumu waliwekwa mbalimbali, na amiri aliyekosea aliweza kuitwa Hamdullahi akahojiwa.

Kazi kubwa ya baraza hili, kwa maoni yangu, ilikuwa malisho. Delta iligawanywa katika maeneo yaliyoitwa leydi, kila leydi na ukoo wake, kila ukoo na msimamizi aitwaye jowro. Vyeo hivyo vilikuwepo kabla ya 1818. Baraza lilivipa mipaka na wajibu, likaamua nani ni nani. Njia za ng'ombe, ambazo huitwa burtol, zilipimwa na kutambuliwa, na mkulima hakuruhusiwa kulima juu yake. Kando ya kila kijiji paliachwa malisho maalumu, harima, kwa ajili ya ng'ombe wachache wa maziwa wanaobaki na kina mama, watoto na wazee. Ng'ombe wengine wote, pamoja na vijana wachungaji, walitoka maji yalipopanda na kurudi yaliposhuka.

Na kurudi kwenyewe kulikuwa na kanuni. Makundi yalikusanyika ukingoni mwa mto, mfano pale Diafarabé, yakingoja. Siku ya kuvuka ilipangwa kwa kuangalia mpunga umevunwa wapi, maji yameshuka kiasi gani. Kila kundi lilikuwa na nafasi yake katika foleni, na nafasi hiyo haikununuliwa siku hiyo wala kupiganiwa. Wakati ng'ombe wako nje kwenye nchi kavu, wapanda farasi wa dola waliwalinda dhidi ya wavamizi. Mchungaji ambaye baba yake aliporwa kila mwaka sasa aliona jeshi likisafiri pamoja na mifugo yake. Ninyi mliokulia Kilosa au Kiteto hamhitaji mtu wa kuwaeleza maana ya jambo hilo.

Wafulani wenyewe walilazimishwa kubadilika. Kila jamaa ilitakiwa iwe na kijiji cha kudumu, chenye msikiti na chuo, na kundi kubwa la ng'ombe liende na kurudi huku familia imebaki. Wengine hawakukubali. Guéladjo wa Kunari, chifu shujaa wa kabila hilo hilo, mwanzo alishirikiana na Seku Amadu, kisha akapigana naye, akashindwa, akahama mashariki na watu wake. Nyimbo za Kifulani zinamkumbuka kwa mapenzi makubwa kuliko zinavyomkumbuka aliyemshinda.

Wala nisiwafiche upande mwingine. Mpunga ulioilisha Hamdullahi ulilimwa kwa sehemu kubwa na rimaybe, watu waliotekwa au kuzaliwa utumwani, waliowekwa kwenye vijiji vya kilimo vya mabwana wa Kifulani. Sheria ya nyasi iliwapa wachungaji usalama. Rimaybe iliwapa kazi. Wazao wao wako Mali mpaka leo, na mpaka leo suala la nani ana haki juu ya shamba lililolimwa na babu ambaye hakuwa huru halijaisha katika vijiji vya delta. Anayewasifia Massina bila kutaja rimaybe anawapunja nusu ya watu wa Massina.

Timbuktu nayo ilitiwa chini ya Hamdullahi mwaka 1826, lakini haikumezeka. Timbuktu ilikula nafaka za delta. Hamdullahi ikitaka kuibana ilizuia mashua za nafaka tu. Lakini mle mjini na jangwani palikuwa na masheikh wa Kunta, viongozi wa tarika ya Qadiriyya, ambao heshima yao ilifika mbali kuliko jeshi la Seku Amadu. Qadiriyya hiyo ni ile ile inayosoma dhikiri zake Unguja na Bagamoyo. Seku Amadu mwenyewe alikuwa Mkadiriyya. Yaani waliogombana walikuwa watu wa nyuradi moja.

Hapa kuna kisa ambacho kimenivutia kila nikikisoma. Seku Amadu alihitaji uhalali. Hakuwa wa ukoo wa kifalme, masheikh wakubwa walimtilia shaka. Mwanazuoni mmoja wa upande wake, Nuh ibn al-Tahir, akachukua tarehe ya zamani ya dola ya Songhai akaiandika upya na kuingiza ndani yake bishara: kwamba Askia Muhammad, mfalme wa Songhai, alipokwenda kuhiji mwisho wa karne ya 15, alitabiriwa kuwa atakuja khalifa wa mwisho wa makhalifa kumi na wawili, jina lake Ahmad, na atatoka Massina. Kazi hiyo ikajulikana kuwa Tarikh al-Fattash, na kwa miaka mingi katika karne ya 20 wanahistoria waliitumia wakiidhani yote ni ya karne ya 16 na 17. Uchunguzi wa nakala umetenganisha maneno ya zamani na ya Nuh. Naueleza mkasa huu kwa vijana wanaosema Afrika haikuandika. Afrika iliandika kiasi cha kughushi maandishi yake kwa sababu za siasa, kama walivyofanya wafalme na mapapa wa Ulaya.

Seku Amadu alikufa mwaka 1845. Na sasa tunaingia kwenye anguko.

Kisheria, kiongozi alitakiwa achaguliwe na baraza kwa elimu na uadilifu. Baraza lilimchagua mwanawe, Amadu wa pili. Inawezekana alistahili, alikuwa mtu mzima, alijulikana, na aliitunza nchi. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Alipokufa mwaka 1853, uongozi ukaenda kwa mwanawe, Amadu wa tatu, kijana mdogo, huku wakubwa wake wamekaa wanatazama. Mkubwa wao alikuwa Ba Lobbo, baba yake wa ukoo na jemadari mkuu wa jeshi, mtu aliyepigana vita wakati Amadu huyu hajazaliwa. Ba Lobbo alinyamaza. Wengi walinyamaza. Baraza la 40 lililoanzishwa ili elimu iwe juu ya damu lilikuwa limekubali mara mbili mfululizo damu iwe juu ya elimu, na mara ya pili halikuwa na kisingizio.

Mwaka huo huo wa 1853 msafiri Mjerumani Heinrich Barth aliingia Timbuktu. Hamdullahi ikaamuru afukuzwe. Sheikh wa Kunta, Ahmad al-Bakkai, akakataa katakata: mgeni amekwisha pewa amani, na amani haivunjwi kwa barua ya mtawala kijana. Barth alikaa miezi kadhaa chini ya ulinzi wake akaondoka salama. Dola iliyokuwa ikisikilizwa kutoka mipaka ya Ségou hadi jangwani sasa haikuweza kumtoa mtu mmoja kwenye nyumba ya sheikh mmoja.

Wakati huo huo magharibi alikuwa akiinuka Mfulani mwingine. Al-Hajj Umar Tall wa Futa Toro alikuwa amehiji Makka, akarudi na uongozi wa tarika mpya, Tijaniyya, akakaa Sokoto miaka kadhaa akaoa binti wa mtawala wake, Muhammad Bello, na njiani kurudi kwao akapita Hamdullahi, akiwa mgeni wa Seku Amadu. Mwaka 1852 alianza jihadi yake. Alijaribu kuwapiga Wafaransa pale Médine mwaka 1857 akashindwa, akageuka mashariki. Mbele yake ilikuwa Ségou, na nyuma ya Ségou ni Massina.

Fikirieni mtego uliokuwapo. Ségou ilikuwa adui wa Massina tangu Noukouma. Kwa miaka arobaini Hamdullahi ilihubiri kwamba Ségou ni nchi ya mizimu. Sasa Umar anakuja kuipiga Ségou kwa jina la Uislamu, na Amadu wa tatu anaona wazi kwamba Ségou ikianguka, zamu yake inafuata. Akachagua siasa. Akamkubali mfalme wa Ségou, Ali Diarra, kuwa amesilimu, akampelekea jeshi la kumsaidia. Umar aliteka Ségou Machi 1861, na ndani ya mji akakusanya vyombo vya mizimu vya mfalme yule aliyesemekana amesilimu, akavitumia kuwa ushahidi. Akaandika risala ndefu kumshtaki Amadu: aliyemlinda kafiri dhidi ya Mwislamu anapigwa kama kafiri. Barua zikaenda na kurudi, zimejaa aya na hadithi na matusi ya wanazuoni. Nimezisoma tafsiri zake na naona hakuna upande ulioandika ili ujibiwe.

Mei 1862 majeshi yakakutana Cayawal. Wapanda farasi wa Massina, waliosifika kuliko wote katika sehemu ile, walikabiliana na watu wa Umar wenye bunduki nyingi zaidi. Mapigano yalichukua siku kadhaa. Amadu wa tatu alipigana mwenyewe, mstari wa mbele, akajeruhiwa vibaya. Jambo hilo hata maadui wake hawakumnyima. Lakini si majeshi yote ya Massina yaliyopigana kwa moyo huo. Waliokuwa na kinyongo cha 1853 walikumbuka kinyongo chao siku hiyo. Amadu alitoroshwa kwa mashua kuelekea Timbuktu, akakamatwa, akauawa Mopti. Umar akaingia Hamdullahi.

Ba Lobbo alijisalimisha. Alitarajia kwamba Umar atamkabidhi Massina, kile alichonyimwa miaka tisa nyuma. Umar hakuwa na nia hiyo. Alikuwa na wanawe. Ndipo Ba Lobbo akaasi, na akajiunga na nani? Na Ahmad al-Bakkai wa Timbuktu, yule yule aliyewapinga watu wa Hamdullahi kwa miaka yote. Kuanzia katikati ya 1863 walimzingira Umar ndani ya Hamdullahi kwa karibu miezi minane. Watu walikula walichopata, kisha wakala kisicholiwa. Februari 1864 Umar alitoka kwa nguvu usiku, mji ukiungua, akakimbilia kwenye majabali ya Bandiagara, na akafia kwenye pango la Degembere.

Mnaweza kudhani hapo Massina ilipata kurudi. Haikurudi. Mpwa wa Umar, Tidiani Tall, aliyekuwa ametumwa kuomba msaada kwa Wadogon, wenyeji wa majabali hayo, alifika amechelewa kumwokoa Umar lakini si kuchelewa kulipiza. Akawavunja Ba Lobbo na Kunta mmoja baada ya mwingine. Al-Bakkai alikufa 1865. Tidiani akatawala kutoka Bandiagara zaidi ya miaka ishirini, na kwa kuwa hakuweza kuitawala delta yote, aliwahamisha watu wake kwa nguvu upande wa pili ili maadui wasipate chakula. Burgu ikaota bila ng'ombe. Vijiji vya wakulima vikawa vichaka. Vita vya panzi, furaha ya kunguru: Wafaransa chini ya Archinard waliichukua Ségou mwaka 1890 na Bandiagara mwaka 1893, wakakuta watu waliochoka na kuuana tangu 1862.

Niliahidi kurudi kwa Hampâté Bâ. Alizaliwa Bandiagara karibu na mwaka 1900. Baba yake alikuwa wa familia kubwa ya Massina. Ndugu zake waliuawa kwa amri ya Tidiani, naye akanusurika kwa kujificha mle mle Bandiagara, mji wa muuaji, akifanya kazi kwa wauza nyama, kazi ambayo hakuna aliyetazamia kumkuta mtoto wa ukoo ule. Babu yake mzaa mama, Pâté Poullo, alikuwa Mfulani aliyeacha ng'ombe wake wote akamfuata Umar. Pande mbili za vita zilioana, na mtoto wao ndiye aliyezunguka nchi kuwasikiliza wazee wa pande zote na kuandika habari za dola iliyouawa na mabwana wa babu yake. Ningetamani kila nchi iliyopigana yenyewe kwa yenyewe ipate mtu wa namna hiyo.

Na sheria ya nyasi? Ndiyo iliyobaki. Tidiani hakuifuta, Wafaransa waliitumia kwa sababu hawakuwa na nyingine, na Mali huru iliikuta inafanya kazi. Kuvuka kwa ng'ombe Diafarabé kuliendelea kuwa sherehe kubwa, na mwaka 2005 UNESCO ilizitangaza sherehe hizo kuwa urithi wa binadamu. Lakini jowro wa siku hizi hana baraza juu yake. Tangu ukame wa miaka ya 1970 na 1980, malisho yamepungua na bei ya kuingia kwenye burgu imepanda. Baadhi ya jowro wamekuwa wakodishaji wakubwa, wanatoza wageni fedha nyingi, na wachungaji wasio na ukoo wa leydi wamebaki nje wakinung'unika. Manung'uniko hayo ndiyo aliyoyatumia Amadou Koufa, ambaye tangu 2015 kikundi chake cha silaha kimejiita kwa jina la Massina. Katika maeneo wanayoyashika, moja ya mambo ya kwanza waliyofanya ni kuingilia ada za malisho. Mwaka huo huo wa 2015 kaburi la Seku Amadu pale Hamdullahi lilibomolewa kwa baruti.

Wanadai urithi wake huku wakivunja kaburi lake, na kuna vijana Wafulani wengi walioingia humo kwa sababu ya ng'ombe na nyasi kuliko kwa sababu ya itikadi. Upande wa pili wanamgambo wa Kidogon waliwaua wanakijiji Wafulani zaidi ya mia moja na hamsini pale Ogossagou, Machi 2019. Serikali ya Mali ilikuwa na sheria yake ya ufugaji tangu 2001, nzuri kwenye karatasi, inayotambua njia za ng'ombe na haki za malisho. Haikuwa na watu 40 wa kuisimamia ambao mchungaji, mkulima na mvuvi wote waliwaogopa na kuwaheshimu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kilichokufa Cayawal ni nini, sitamjibu kwamba ni ufalme. Wafalme walikuwa wamepatikana wengi kabla, na walipatikana wengine baadaye. Kilichokufa ni chombo cha kuamua, na kilianza kufa mwaka 1853, ndani ya ukumbi wenye milango saba, watu wazima arobaini walipomtazama Ba Lobbo, wakamtazama mtoto wa marehemu, na wakachagua lililokuwa rahisi siku ile.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naishia hapo. Naona mzee wa mstari wa mbele ameinua mkono tangu nilipomtaja Umar. Naomba yeye apewe nafasi ya kwanza.